Kioo cha Mama Chapa

Nyumbani kwetu hapakuwa na kioo cha kujitazamia. Juu ya sinki la bafuni ilibaki misumari miwili na alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wote, na mgeni aliyetaka kutengeneza nywele alielekezwa kwenye dirisha la jikoni. Mama mdogo alivishusha vioo vyote wiki ile mama yangu alipofariki. Walikuwa mapacha. Walifanana kiasi kwamba pale msibani mimi mwenyewe, binti wa miaka minane, nilimkimbilia asiye mama yangu, na watu wakaanza kulia upya.

Akanilea. Nilipoweza kushika kitana nikawa msusi wake. Alikaa sakafuni, mgongo kwangu, na nilipomaliza hakuuliza kama amependeza. Aliuliza, "Imekaa sawa?" kama mtu anayeuliza habari za meza. Hivyo kwa miaka kumi na minane.

Kazi yake ni kuchapa. Duka lake ni la upana wa mlango na nusu, kwenye korido ya maduka iliyo karibu na ofisi ya usajili. Mlango uko mgongoni kwake na meza iko mbele yake, na akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Huchapa barua za kuomba kazi na mikataba ya kupanga nyumba, lakini kinachomlisha hasa ni ratiba za mazishi. Watu huja na picha ndogo ya kitambulisho, marehemu amekunja uso kama anayedaiwa, naye humkuza, humsafisha kola, humweka kwenye duara juu ya weusi mtupu. "Mama Chapa," watu husema, "anawatoa vizuri kuliko walivyokuwa."

Alikuwa na desturi moja ya kazi. Hakumpa mteja picha yenyewe kabla ya kulipwa, kwa sababu angeikimbiza kwa mchapaji mwingine wa bei rahisi. Aliipiga picha skrini kwa simu yake, akamtumia mteja aone na kukubali. Picha ya namna hiyo haikuwa na sura ya kuchapishwa na mtu mwenye akili zake.

Kompyuta yake ya zamani tuliiita Bi Kizee. Ilikuwa sanduku kubwa chini ya meza lililomnyima pa kuweka magoti, ikinguruma kutwa, na skrini yake ilikuwa hafifu kama ubao wa shule. Macho ya mama mdogo yalipoanza kuchoka alichapa huku pua ikikaribia kugusa herufi. Siku Bi Kizee ilipozimika moja kwa moja, fundi aliifungua, akaifunga, akatuambia pole.

Ndipo akanunua ile nyingine, ya kipande kimoja. Nilikwenda naye dukani. Ilisimama peke yake juu ya meza ya kioo, nyembamba, mguu wake wa fedha, kubwa kama dirisha. Bei yake ingenunua tatu za kawaida na kiti cha kukalia juu yake.

"Mama, hapa unanunua nafasi," muuzaji alisema. "Vyote viko nyuma ya kioo. Hakuna sanduku, hakuna kelele, waya mmoja tu."

"Na ikiharibika inafunguliwa wapi?"

"Hii haiharibiki."

"Kila kitu kinaharibika, mwanangu. Mimi nachapa ratiba za mazishi."

Muuzaji alicheka, kisha akampa siku kumi na nne. Asiporidhika airudishe ndani ya kasha lake, na vipande vyake vyote vya povu la kuikinga, arudishiwe pesa.

Jirani yake wa mlango wa pili ni mshona nguo, mtu mrefu mwembamba anayeitwa Sindano. Alikuja kuitazama akiwa na tepu shingoni.

"Umenunua televisheni."

"Televisheni haina kibodi."

"Mimi nikitoa pesa yote hiyo, lazima na kupika ipike."

"Wewe hata mkeo amegoma kukupikia."

Mama mdogo alikuwa na furaha siku ile. Magoti yake yalipata nafasi, na herufi zilisimama mbele yake kubwa na nyeusi, akachapa akiwa amekaa wima kama msichana wa chuo. Alichapa mkataba wa kurasa nane bila kufikicha macho. Kisha mteja akaleta picha ya marehemu. Mama mdogo akaiweka kwenye duara, akamimina weusi nyuma yake, na kile kioo, kilichong'aa kama maji ya kisima, kikapokea mwanga wa mlangoni. Mwanamke akatokea ndani ya weusi, pembeni ya marehemu.

Hakupiga kelele. Sindano ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba alisikia kiti kikisogea, kisha kimya, na alipochungulia akamkuta amesimama nje kwenye korido, ameupa mlango mgongo, akihesabu risiti zilizokwisha kuhesabiwa.

Jioni ile aliniambia jambo moja tu. "Amezeeka."

"Nani?"

"Mama yako. Nilidhani amebaki vilevile alivyoondoka. Ana mvi hapa," akagusa kipaji cha uso wake mwenyewe, bila kukosea mahali.

Nilikuwa nimeziona mvi zile kwa miaka minne, kila nilipomsuka. Sikuwahi kumwambia.

Siku zilizofuata alipigana na kioo. Meza haikugeuzika, duka ni jembamba mno. Alifunga mlango, wateja wakadhani hayupo. Akajifunga mtandio kichwani hadi kwenye nyusi, lakini macho yalibaki. Mwishowe akawa anakifunika kwa kitambaa kila alipopumzika, na alipofika kwenye weusi wa marehemu alifanya kazi ameinamisha kichwa, akiinua jicho mara moja moja kama mwizi. Muuzaji alipopigiwa simu alisema ipo karatasi laini ya kubandika inayoua mng'ao, akaituma ndani ya bahasha. Mama mdogo akaiweka kwenye droo.

"Si uibandike," nikamwambia.

"Nitaibandika."

Siku ya tisa nilimletea chakula mchana nikamsikia kabla sijafika mlangoni. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, ile ya watu waliolala kitanda kimoja utotoni.

"Usinitazame hivyo. Amekula, amesoma, ana shahada. Hujui nilivyohangaika. Wewe ulitangulia tumboni kwa dakika ishirini ukajifanya mkubwa maisha yako yote, sasa mbona ulitangulia na huku?" Akanyamaza, kama anayejibiwa. "Basi kama hutaki kwenda, kaa. Lakini usinitazame nikifanya kazi."

Nilirudi hadi kwenye ngazi, nikakaa na chakula mapajani mpaka kikapoa. Kasha lilikuwa bado kwenye kona ya duka, limesimama wima na povu lake lote. Nilitaka airudishe, na niliogopa kwamba angeirudisha. Mimi sina kumbukumbu ya uso wa mama yangu ambayo si uso wa mama mdogo.

Siku ya kumi akapata kazi ya haraka. Mwalimu mstaafu amefariki, mazishi ni kesho yake, na mwanawe mkubwa anataka picha tayari ndani ya saa mbili. Mama mdogo alimtoa mwalimu vizuri kweli: tai imenyooka, tabasamu limefunguliwa kidogo. Kisha kwa mazoea ya miaka yote akashika simu kifuani, akapiga skrini bila kuitazama sana, akamtumia yule kijana aikubali.

Kijana alikubali, na hakurudi. Alikuwa na rafiki mwenye mashine ya mabango. Akaichukua picha ile ile ya simu, akaikuza mpaka ikawa ya urefu wa mlango, akaining'iniza kwenye geti la nyumba yao. Siku ya mazishi watu wote waliingia wakipita mbele ya mwalimu akitabasamu, na juu ya bega lake la kushoto, ndani ya weusi, uso wa mwanamke uliopauka ukiwatazama.

Habari ilifika koridoni kabla ya Mama Chapa kujua lolote. Sindano aliileta akiwa na pini mdomoni.

"Wanasema mwalimu alikuwa na mke wa pili. Amekuja kumchukua."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Mashemeji wamekaa kikao. Mjane hali, hanywi." Akatoa pini mdomoni. "Mama Chapa, nimeliona hilo bango. Yule mke wa pili namfahamu. Anachapa karatasi mlango wa pili kutoka kwangu."

Mama mdogo hakucheka. Akafunika kioo.

Mjane alikuja siku ya kumi na tatu, Jumamosi, nami nilikuwepo. Alikuwa mwanamke mfupi, viatu vyake safi, mkoba umebanwa kwapani. Hakusalimia mara moja. Alimtazama mama mdogo kwa muda, macho yakashuka mpaka miguuni, yakapanda tena.

"Ni wewe," akasema.

"Karibu ukae, dada."

"Sikuja kukaa. Niliishi na yule mtu miaka thelathini na moja. Nimekuja kuambiwa tu, nikalale. Sitakufanyia fujo. Yule mwanamke ni nani?"

Mama mdogo alinitazama mimi. Niliona mdomo wake ukitengeneza neno, na nilijua ni neno gani, kwa sababu ndilo alilolisema kwa siku kumi na tatu: ni dada yangu. Lingekuwa neno la kweli kwake. Lakini mbele ya mjane lingekuwa nini? Jina la mwanamke mwingine, asiyeonekana, asiyeweza kuitwa akajibu. Mjane angerudi nalo nyumbani akalale nalo kitanda kimoja mpaka kufa kwake.

"Ni mimi," mama mdogo akasema.

"Kwa hiyo ulimfahamu."

"Sikumfahamu. Nilimwona kwenye picha tu. Sogea hapa nikuonyeshe, tafadhali."

Akavuta kitambaa. Akamfungua mwalimu, mkubwa, na weusi wake wote. Akavua mtandio. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya maishani mwangu: akainua kichwa, akatazama uso uliokuwa mbele yake, na akaendelea kuutazama.

"Unaona? Kioo hiki kinang'aa. Nikikaa hapa, naingia. Hilo ni jicho langu. Hii ni mvi yangu." Akainua mkono, na mkono uliopauka ukainuka ndani ya weusi. "Nilipiga kwa simu bila kutazama. Ni uso wangu tu. Hakuna mtu mwingine humu." Sauti ilimpungua kwenye maneno hayo, akayarudia. "Hakuna mtu mwingine."

Mjane aliinama ili aone vizuri, na mara naye akaingia. Uso wake ulitua kwenye bega lile lile la kushoto, karibu na mumewe. Koridoni cherehani ya Sindano ilisimama, maana naye alikuwa akisikiliza.

"Hatukuwahi kupiga picha ya wawili tangu watoto wakue," mjane akasema. Akafungua mkoba, akatoa simu. "Nipige hivi hivi."

"Itatoka na mng'ao, dada."

"Ndiyo ninayoitaka. Watoto waseme watakavyo."

Mama mdogo alijibanza ukutani asiingie, akampiga picha. Mjane aliitazama ile picha, akaifuta simu kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akatuaga kwa kutushika mikono.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumapili, na duka la muuzaji lingefungwa saa nane mchana. Saa sita tulikuwa wote wawili dukani kwake, kasha katikati yetu. Mama mdogo alikaa mbele ya kioo kilichozimwa, mlango wazi, mikono mapajani. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilifikiri anaagana naye.

"Hayupo," akasema. "Tangu jana namtafuta. Nipo mimi tu." Akajigusa shavu. "Nimezeeka, eh?"

"Kidogo."

"Ungeniambia."

Sindano akatokeza kichwa. "Sasa, Mama Chapa, inarudi au hairudi? Nataka lile povu nijazie mto."

"Chukua."

"Kwa hiyo inastahili bei yake?"

"Ni ghali," mama mdogo akajibu. "Ukiwa unachapa barua tu, usinunue. Utakuwa umelipia mguu wa fedha."

Sindano akabeba povu, akaondoka akilinusa. Bahasha ya ile karatasi ya kuua mng'ao ikabaki kwenye droo, haijafunguliwa, na imo hadi leo. Siku hizi kabla ya kumtumia mteja picha huandika SAMPULI kwa herufi kubwa katikati yake, na hupiga akiwa ubavuni mwa meza. Wateja hawajapungua. Nyumbani misumari ile miwili bado inasubiri.

Jumatatu iliyofuata nilipitia dukani asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alikuwa akimtengeneza marehemu mmoja, ameshika kipanya, miwani imeshuka puani. Niliingia kimya kama kawaida yangu, nikasimama nyuma ya kiti chake kutazama. Nina miaka ishirini na sita. Mama yangu alifariki akiwa na ishirini na minane.

Kwenye weusi pembeni ya yule marehemu kulikuwa na mwanamke wa makamo, na juu ya kichwa chake, polepole, mwanamke kijana akawa anajikusanya kutoka kwenye mwanga wa mlango. Mkono wa mama mdogo ukaachia kipanya.

Hakugeuka. Aliniangalia mle mle kiooni, uso wake wote ukalegea.

"Dada," akasema taratibu. "Leo umewahi."

Ningeweza kusogea hatua moja nikatoka kwenye mwanga.

"Nimewahi," nikajibu.