Usaili kabla ya mishumaa

Ijumaa ya usaili wangu niliamka nikiwa nimeshafeli, kichwani mwangu. Nilikuwa najitolea kwenye kikundi cha kina mama hapa Bagamoyo kinachowapelekea chakula wazee wanaoishi peke yao, na sasa kikundi kilitaka mratibu wa kulipwa. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Uamuzi ulikuwa wa watu wawili: mwenyekiti wetu, na mkurugenzi wa shirika la huduma za jamii la Wayahudi linalotusaidia, mama aliyekulia Nairobi na sasa anaishi ng'ambo.

Mkurugenzi tulimtarajia mchana. Alasiri akapiga simu: gari limepata pancha Msata. Mimi nilikuwa nimeshasoma kila kitu kuhusu Sabato ya Wayahudi. Jua likikaribia kuzama anawasha mishumaa, na baada ya hapo hakuna kazi wala maneno ya kazi mpaka Jumamosi usiku, wakati ambao angekuwa anakimbilia ndege.

Alishuka garini jua likiwa usawa wa paa la jirani, mishumaa mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Meza iko wapi?"

Barazani palikuwa na upepo. Mwenyekiti alivua kanga yake ya mabegani, akanipa ncha moja, tukaitandaza kuikinga meza. Karatasi yangu ya majibu niliyoyaandaa ikapeperuka hadi barabarani.

"Haya, haraka," mkurugenzi alisema akisimamisha mishumaa. "Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu nina wasiwasi sana. Mzee asipofungua mlango, mimi siondoki."

"Atafungua tu, kwa kuchoka," mwenyekiti akadakia, kisha akamgeukia mkurugenzi. "Hebu niambie, huko kwenu wanaume wamekubali uwaongoze?"

"Hatukuwauliza."

Wakaangua kicheko. Muda wangu huo, unayeyuka!

"Mama, jua!" nilipiga kelele.

"La mwisho," mkurugenzi akasema. "Bibi anaona haya kupokea msaada, anasema ameshakula. Utafanyaje?"

"Nitamwomba aonje tu, aniambie kama chumvi imekolea. Bibi wa hapa hawezi kukataa kuukosoa wali wa mtu mwingine."

Mwenyekiti alicheka mpaka akaachia kanga, na njiti ya kiberiti aliyowasha mkurugenzi ikazimika.

"Mimi nimemchukua," mkurugenzi alisema, akichomoa njiti nyingine. "Wewe?"

"Mimi nilishamchukua zamani. Washa, mwanamke, jua linazama!"

Akawasha, akafunika macho, akanong'ona dua. Nilisimama nimeuma midomo nisipasuke kwa furaha. Nilitaka kuuliza kama neno la mdomo linatosha, kama atakumbuka Jumapili, kama huenda ilikuwa haraka ya mishumaa tu. Lakini kazi ilikuwa imefungwa, na swali langu halikuwa na pa kwenda.

Adhana ilipoanza, mwenyekiti alizifunga ncha za kanga kwenye nguzo, akaelekea ndani kuswali.

"Mratibu," alisema bila kugeuka, "mpe mgeni maji anawe."

Nilikimbia, nikarudi na jagi tupu, maji nimeyasahau.