Wale Tuliowaita Nzige

Mwezi uliopita stima ilipotea Migori mjini, na kijana wangu wa dukani akawasha jenereta nyuma ya stoo. Moshi wa petroli ukaingia kwa mlango, ukakutana na harufu ya gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, ambalo mke wangu alikuwa ameliacha pale nje likingoja gari. Harufu hizo mbili zilipogongana puani mwangu, nilimwacha mteja na mabati yake, nikaketi juu ya mfuko wa simiti. Mteja alidhani nimeugua. Sikuugua. Nilikuwa nimerudi Sindo, nina miaka kumi na moja, na mbele yangu mtu anakatwa kichwa.

Kama hunijui, ukifika Migori uliza. Shule niliiachia darasa la sita, na leo wenye digrii wananishikia mlango. Sijisifu, nasema tu kilichopo. Lakini kabla sijajulikana kwa simiti na mabati nilijulikana kwa kazi nyingine, na hiyo nilijifundisha mwenyewe nikiwa mtoto.

Pale Sindo, nyumbani kwa baba, kulikuwa na banda la mabati ambalo mchana lilikuwa stoo ya omena na jioni likawa sinema. Tuliketi juu ya magunia. Jenereta ililia nje kwa nguvu hata sauti ya video haikusikika vizuri, na hata ingesikika, wale watu walizungumza Kichina. Kwa hivyo ilibidi picha uisome kwa macho, vile mvuvi anavyosoma maji. Mimi niliisoma kuliko wote. Baada ya picha chache nikagundua kwamba wale watu wa sinema wana mila zao, na hawazivunji. Nikaanza kuzipa majina.

Staring, yaani shujaa wa picha, hafi. Hiyo hata mtoto wa kunyonya aliijua. Lakini ni mimi niliyegundua kwamba lazima kwanza apigwe mpaka atapike damu, nikaita hiyo Kipigo cha Kufungulia. Ni mimi niliyesema kwamba adui mkubwa, akishamweka staring chini na bunduki iko mkononi, hatafyatua. Ataanza kuongea, ataeleza maisha yake yote mpaka auawe yeye. Hiyo niliita Hotuba. Mtu akikohoa mara moja tu, hata kama ni kijana mwenye nguvu, mchimbie kaburi. Polisi nao hufika wakati maiti zimeshapoa, nikawaita Askari wa Matanga, na banda lote likaanguka kicheko.

Jina lililopendwa kuliko yote lilikuwa Mwenye Kesho. Huyu ni rafiki wa staring, mtu wa roho safi. Katikati ya picha anatoa mfukoni picha ya mpenzi wake, anaitazama, anatabasamu, anaonyesha kwa mkono vile watakavyojenga. Hapo mimi nilikuwa nikipiga kelele, “Mwenye Kesho huyo!” na kabla hujameza mate, kisu kimetokea kifuani mwake. Watu wazima walianza kunitazama kana kwamba nilikuwa natengeneza hizo picha mwenyewe.

Likizo moja mama alinipeleka kwao Ntimaru. Mama yangu ni Mkuria, na kule ndugu yake mdogo, mjomba Marwa, alinipokea kama zawadi. Alikuwa mrefu, mwenye kovu shavuni na maneno mengi. Alinitambulisha kwa wenzake kama Mjaluo wake mdogo anayejua nani atakufa. Ntimaru nako kulikuwa na banda la video nyuma ya soko, na humo nilifanywa mfalme. Nilikaa mbele, wanaume wakubwa nyuma yangu, nikiita majina, wao wakiitikia kama kanisani. Mjomba alitangaza kwamba yeye ndiye staring wa Ntimaru nzima, kwa sababu ya kovu lake. Hakuna aliyembishia.

Rafiki yake aliitwa Chacha. Sina mengi ya kukwambia juu ya Chacha, na hapo ndipo penye maneno. Alikaa ukutani, alicheka kidogo, alirudi nyumbani mapema. Jioni moja staring wa Kichina alikuwa anaingia kwenye ngome ya adui, na walinzi wanamjia kwa makundi, anawakata huku na huku, mikono inaruka, damu inagonga ukuta. Sisi tulikuwa tukiwahesabu kwa sauti, tukicheka. Chacha akaniinamia.

“Odhis, hawa wengine wanaitwaje?”

“Hao ni Nzige,” nikamjibu bila kugeuza kichwa. “Hawana jina.”

Alinyoosha kidole kwenye kioo. “Lakini huyo wa shati jekundu amejitahidi,” akasema.

Wanaume wakamcheka. Mjomba akamwambia kama anawahurumia nzige, basi akalime nao.

Wakati huo mjomba alikuwa anaoa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekamilika, wengine wa nyanya yangu, wengine waliochangwa na ndugu, wote wakilishwa pamoja kwenye uwanda chini ya boma. Mchana wa siku ya mwisho kabla ya kuwapeleka, mimi na yeye tukiwa tunakula ugali wa wimbi, alitoa mfukoni picha ya msichana, iliyopigwa studio Migori, maua ya plastiki kando yake. Akaifuta kwa kidole.

“Kesho hao ng'ombe wanafika kwao,” akaniambia. “Kesho jioni Robi atakuwa anapika hapa hapa, na wewe utakula nyama mpaka usahau samaki.”

Niliweka tonge chini. Nilimtazama kifuani, nikitafuta mahali ambapo kisu kingetokea.

Mvua ilianza, na katika mvua hiyo tukasikia nduru kutoka uwandani. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamekuja mchana kweupe, wakijua mvua itazima sauti na kuchelewesha watu. Mchungaji alipanda kuja bomani akikimbia, bega lake limefunguliwa kwa panga mpaka mfupa mweupe ukaonekana, mvua ikiosha damu na damu ikizidi kuja. Alisema mmoja wao ana bunduki, kisha akaanguka mlangoni kwa nyanya.

Kule mtu akiibiwa ng'ombe hasubiri. Nduru inapokelewa boma kwa boma, na kila mwanamume anatoka na upinde, rungu au panga kufuata nyayo zikiwa bado mbichi. Nyayo zikipotelea kwenye ardhi ya ukoo fulani, ukoo huo ndio utakaojibu. Kwa hivyo uwanja wetu ulijaa mara moja. Mjomba alikuwa ameshavaa gambuti zake, zile buti za mpira, podo la mishale mgongoni, na ile picha ya Robi akairudisha mfukoni mwa shati. Nilipoona mkono wake ukipapasa mfuko ule, nilimrukia nikashika mshipi wake kwa mikono yote miwili.

“Anko, usiende. Wewe ni Mwenye Kesho. Utakufa.”

Uwanja wote uligeuka kunitazama. Wanaume wale walikuwa wameitikia jina hilo jioni nyingi, walijua maana yake. Lakini kule ni kwenye video, na hapa palikuwa pa mishale. Mzee mmoja wa baraza lao, mtu mfupi mwenye hasira, alinizaba kofi nikaona nyota mchana. Kisha akamgeukia mjomba, akamwambia habanduki pale. Mila yao ni kwamba wanaofuata nyayo hawatembei na mtu aliyetamkiwa kifo njiani, hata kama aliyetamka ni mtoto, hata kama ni mjinga. Damu yake itavuta ya wenzake. Atafutiwe kondoo kwanza, atakaswe, ndipo atoke.

“Ni ng'ombe wangu hao, mzee,” mjomba akasema, na sauti yake ilikatika.

“Ndiyo maana wataletwa na wengine.”

Mjomba aliwasukuma, wakamshika. Alitukana, alilia mbele ya watu, na mimi nikiwa chini kwenye matope nilifurahi, sikufichi. Hapo Chacha akatoka ukutani mwa ghala alipokuwa amesimama. Alikuwa miguu mitupu. Akamwambia mjomba avue gambuti, kwa sababu kule bondeni kuna miiba, na nafasi yake ataishika yeye. Alizivaa, zikawa kubwa kidogo, akapiga mguu chini mara mbili kuzikaza. Hakusema neno juu ya kesho. Hakutoa picha yoyote. Nilimtazama akiondoka bila hofu yoyote juu yake, maana katika mila zangu zote hakukuwa na moja inayomhusu.

Milio ya bunduki tulianza kuihesabu mimi na nyanya, kisha nyanya akaniziba masikio.

Ng'ombe walirudi kabla jua halijazama, karibu wote. Nyuma yao Chacha alibebwa juu ya ngazi ya mbao, na gambuti moja tu mguuni. Risasi ilikuwa imeingilia shingoni. Kwenye video angeanguka vizuri, mkono kifuani, maneno ya mwisho mdomoni; huyu alikuwa na matope ndani ya meno. Na nyuma ya Chacha waliburuta mmoja wa wezi, akiwa hai. Walimpiga kwa rungu na mawe pale sokoni, karibu na banda letu la video, wale wale walioitikia majina yangu. Alikuwa kijana. Aliomba maji, na aliyaomba kwa Kikuria, kama ambavyo mama yangu angeyaomba. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Alipotulia, nguo yake ilikuwa imelowa hivi kwamba huwezi kusema ilikuwa ya rangi gani mwanzoni.

Polisi walifika kesho yake. Nilifungua mdomo niseme jina lao, nikaufunga.

Siku ya mazishi tulikwenda kwa mama yake Chacha. Nyuma ya nyumba, chini ya nyasi kavu zilizopangwa kwa uangalifu, kulikuwa na matofali mabichi, mengi mno, mistari kwa mistari, yamefinyangwa na mtu mmoja akitoka banda la video mapema kila jioni. Kando yake kamba zilikuwa zimenyooshwa juu ya vigingi kuonyesha kuta: chumba, chumba, na sebule yenye madirisha mawili. Mvua ya siku ya wizi ilikuwa imepenya nyasi upande mmoja, na matofali ya upande huo yalikuwa yanarudi kuwa udongo. Msichana mmoja ambaye hakuna aliyemjua alisimama ndani ya zile kamba, pale pa mlango, akakataa kutoka.

Mjomba hakunisemesha mpaka likizo ilipoisha. Alimwoa Robi, yuko hai, amezeeka, na watu wa Ntimaru mpaka leo wanasema mtoto wa Sindo ndiye aliyemwokoa. Mimi sikatai. Lakini nilikuwa mtu mzima, ninajenga nyumba yangu ya kwanza na kunyoosha kamba zangu mwenyewe, nilipoelewa nilichokuwa nimekiona. Mjomba hakuwa peke yake aliyekuwa na kesho. Kila mwanamume katika uwanja ule alikuwa nayo, na ya Chacha ilikuwa imeshafika kiasi cha kuonekana madirisha. Ni vile tu hakuna mtu aliyemwuliza. Na yule aliyeomba maji sokoni, mahali fulani ng'ambo ya bonde kulikuwa na mtu anayemwekea chakula. Sinema huchagua mmoja wa kumtolea picha mfukoni ili tumlilie yeye, kisha inatupa ruhusa ya kuwacheka waliobaki. Mimi, fundi mkubwa wa majina, nilikuwa nimepewa ruhusa hiyo nikaiita Nzige.

Siku hizi nina televisheni pana kama mlango, na wanangu hutazama picha zile zile, watu wapya mila za zamani. Bado nawaambia nani atakufa, bado wanashangaa. Ila staring akiingia ngomeni na walinzi wakaanza kumiminika, mimi husimamisha picha, nikasogea karibu na kioo, nikatafuta wa shati jekundu. Wanangu hulalamika. Wanauliza namtafuta nani. Nawaambia kuna mtu aliniuliza huyu anaitwaje, na sijampa jibu.