Radhi Aliyoombwa Mama

Pilau ya msibani siili. Watu wa Mwabungo washanizoea. Sahani ikinifikia naisogeza kwa jirani, nasema tumbo laniuma. Uongo mtupu. Harufu ile ya bizari na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi hunirudisha kwenye hitima ya baba, na hapo hasira hunipanda hata tonge halishuki.

Baba alikuwa baharia kwenye meli ya kuvua samaki bahari kuu. Aliugua huko huko, akateremshwa Mombasa hajiwezi, akafa kabla hajalipwa ujira wa safari nzima. Mimi nilikuwa na miaka minane. Siku ya hitima alikuja wakala wa meli, yule aliyemwandika baba kazi, kanzu nyeupe pe, na magunia ya mchele na mbuzi wa kuchinja. Loh, alivyosifiwa! Hata mimi nilijivunia kwamba baba alikuwa na rafiki mkubwa vile.

Kwetu marehemu haachiwi deni shingoni. Aliyemdai husema, aliyedaiwa naye husema, kisha watu hupeana radhi. Wakala aliujua mwenendo huo kutushinda. Dua ilipokwisha alisimama barazani, akajifuta macho, akasema baina yake na marehemu palikuwa na mambo madogo madogo ya kazi, na kwamba aomba radhi kwa mjane. Mbele ya kadamnasi! Mama alikuwa ndani, yuko edani, basi Ami Bakari, nduguye baba, akaja kusimama kwenye pazia.

"Shemegi, mgeni aomba radhi. Watu wangoja."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pa mama. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na ujira wake?"

"Leo si siku ya kudaiana. Usitutie aibu, shemegi."

Mama aliinama. "Haya. Nimemsamehe. Mungu ndiye alipaye."

Nje wakaitikia alhamdulillahi, na sahani zikaanza kupita. Juma lilo hilo meli iliondoka Kilindini. Mama naye, eda ilipokwisha, akaanza kukaanga viazi karai kando ya barabara, na hadi leo macho yake hayajapona moshi.

Nilikua nikiamini tulifanya wema. Mwaka jana mdogo wangu, aliyekuwa tumboni siku ile, alitaka naye kuandikwa melini, nikampeleka kwa wakili Ukunda asomewe mkataba. Nikamsimulia wakili habari ya baba. Akasema ujira wa baharia haufutwi kwa maneno ya barazani. Akifa ni wa warithi wake, na meli yenyewe yaweza kuzuiwa bandarini mpaka ilipe. Kisha akauliza, "Na fungu lenu ninyi watoto alilisamehe nani?"

Mali ya yatima, jamani! Wazee wale, misahafu mapajani, ati hawakulijua hilo? Walilijua, na pilau wakaila. Mama aliombwa radhi kwa kilicho chake. Mimi nilikuwa pale pale pembeni mwake, na mdogo wangu tumboni. Hakuna aliyetuuliza, nasi hatujasamehe.