Mtama wa Bi Hadija na Mistari ya Askari

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa shati jeupe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasikia kwamba kituo cha utafiti wa mazao kilichoko mbele ya Mkonze kinatafuta wahudumu wa shamba. Kwa akili yangu ya wakati ule, neno utafiti lilidai shati jeupe. Nyapara wetu, Mzee Chilongani, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Mbukwa," akasema, salamu ya Kigogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au umekuja kuposa?"

Waliokuwa wameshika majembe wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Chilongani akanipa jembe na kunipeleka kwenye jaribio la mtama. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mtafundishwa kwa picha ukutani, lakini mimi nilifundishwa nimesimama kwenye udongo wa moto. Jaribio hugawanywa vipande vidogo vinavyoitwa vitalu. Aina moja ya mbegu hupandwa kwenye vitalu kadhaa vilivyotawanyika, ili kama sehemu moja ya shamba ina rutuba kuliko nyingine, isiwadanganye watafiti. Kisha vitalu vyote huzungushiwa mistari ya ziada. Mmea wa ukingoni hupata jua zaidi na upepo zaidi, na ndio wa kwanza kukutana na mbuzi, kwa hiyo ukiupima unakudanganya. Mistari hiyo huitwa mistari ya ulinzi. Sisi tuliiita askari.

"Hawa hawapimwi," Mzee Chilongani alisema. "Wanapigwa jua na kuliwa na ndege ili wenzao wa ndani wapate kupimwa kwa haki. Mkubwa yeyote akikuuliza habari zao, mjibu kwamba askari hawahesabiwi."

"Na mavuno yao anachukua nani?"

"Mtu wa shati jeupe, una maswali mengi."

Yalikuwa yakienda kwenye chungu chetu cha ugali, na hakuna aliyejali. Lakini nililiweka akilini. Kwenye kituo ambako kila kitu kilikuwa na lebo, kulikuwa na mahali ambapo mtu angeweza kupanda chochote na kuvuna chochote, na asiulizwe.

Sikuwahi kukaa mahali pamoja nikatulia. Wenzangu walikuwa wakiukimbia uhamisho kama ugonjwa, mimi nilikuwa nikiuomba. Nilipelekwa Mlali, wilayani Kongwa, nikasimamia majaribio kwenye mashamba ya wakulima. Nikaenda Chemba, nikaishi kwa Wasandawe walionicheka kila nilipojaribu kutamka maneno yao ya kupiga vidoko kwa ulimi. Baadaye nikapangwa Kondoa kwenye kazi niliyoipenda kuliko zote, ya kukusanya mbegu za asili. Tulizunguka vijijini, tukaomba kwa wenyewe kiasi kidogo cha mbegu walizorithi, tukaandika zilikotoka, tukazipeleka kituoni kuhifadhiwa kwenye chumba cha baridi.

Ndiyo kazi iliyonifikisha Kolo, kwa Bi Hadija. Wageni hupita pale kwenda kutazama michoro ya mapangoni, na yeye alinidhania mmoja wao.

"Michoro iko kule juu," aliniambia kabla sijamaliza shikamoo yangu.

"Bibi, nimefuata mtama."

Akanikaribisha. Mtama wake ulikuwa mwekundu, na suke lake halikusimama. Shingo ya mmea ilipinda, suke likatazama chini kama mtu aliyedondosha kitu. Yeye aliuita Mwenye Haya. Ndege huupata kwa taabu, kwa sababu hawana pa kutua.

"Siuzi," alisema. "Na sitoi bure. Kwetu mbegu inaazimwa. Nikikosa, nitakuja kwako, na utanirudishia suke zima na bua lake, halijapurwa."

"Kwa nini lisipurwe, bibi? Punje si ni zilezile?"

"Punje za mtama wote mwekundu zinafanana, mjukuu wangu. Utaniletea za jirani na utaniapia. Lakini suke nikiliona na shingo yake, nalijua. Mtu hawezi kunidanganya kwa suke."

Nilicheka wakati ule. Nilidhani ni ubishi wa mtu mzima. Nikaahidi kwa niaba ya kituo, kwa niaba ya serikali, na kwa niaba yangu.

Nilipotoka huko nikarudishwa Mkonze. Mkuu wa Kituo alikuwa mwanamke mpole mwenye shahada ya uzamivu, tukimwita Mama Mkuu. Hakuwa akipandisha sauti. Kwa muda mrefu nililiona hilo kuwa jema.

Kisha hali ya uchumi ikabana. Tuliigundua kwanza kwenye mafuta ya gari, halafu kwenye jenereta, halafu kwa vibarua ambao hawakuitwa tena. Sera nayo ikabadilika. Mama Mkuu alirudi kutoka semina moja ya wizara huko Mtumba, akatukusanya ukumbini, na pembeni yake akakaa kijana nadhifu aliyetambulishwa kwetu kama Mratibu wa Ubunifu. Akawasha projekta. Alisema nchi haiwezi kugharamia utafiti unaolala makabatini. Kila kituo kitafute mbia kutoka sekta binafsi. Kila jaribio lionyeshe bidhaa itakayouzika, na ionekane mapema.

Sikupinga yote. Nimeona tafiti nyingi zikizeeka kwenye makaratasi huku mkulima akipanda alichopanda babu yake. Lakini nilikaa nikimtazama Mratibu, nikaona kwamba kila alipotaja neno ubunifu alitazama upande wa Mama Mkuu, na kila alipotazama, Mama Mkuu alitazama meza.

"Na chumba cha baridi?" Mzee Chilongani aliuliza.

"Kinazalisha nini?" Mratibu akauliza naye.

"Kinahifadhi."

"Mzee wangu, nakuheshimu sana. Lakini kuhifadhi si kuzalisha. Mbegu za mabibi zetu zimekaa mle miaka. Zimemwingizia nini mtu yeyote?"

Mzee Chilongani alivaa kofia yake ndani ya ukumbi. Kwa wanaomfahamu, hayo yalikuwa matusi makubwa.

Mbegu ni kitu hai, vijana wangu. Hata kwenye baridi huchoka. Kila baada ya muda hutolewa chache, huwekwa kwenye karatasi yenye unyevu kuangalia kama zinaota, na zikianza kudhoofu hupandwa upya ili kupata kizazi kipya. Tuliita kazi hiyo kufufua. Msimu ule haikuwamo kwenye bajeti, na vitalu vyote vikagawiwa mbegu chotara za mbia aliyepatikana, kampuni moja ya mbegu. Umeme ukawa unakatika. Mimi niliingia kwenye chumba cha baridi nikakuta joto.

Ni wakati huohuo Bi Hadija alipopiga simu, kwa kutumia simu ya mkwewe. Mvua zilikuwa zimewatupa, wakala hata mbegu.

"Nimekosa," alisema. "Nataka changu."

Nikaenda ofisini kwa Mama Mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga dirisha, ingawa nje hakukuwa na mtu.

"Hatuwezi kutoa sampuli," akasema. "Makubaliano yetu na mbia yanahusu kila kilichomo kituoni. Mpaka waridhie."

"Lakini Mama, ile si sampuli. Tuliazima."

"Iliandikwa wapi kwamba tuliazima?"

Haikuandikwa popote. Niliahidi kwa mdomo, nimekaa kwenye kigoda uani kwake.

Siku ya kupanda, Mama Mkuu alikuja shambani mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akanipa vifuko ambavyo lebo zake zilikuwa zimefunikwa kwa karatasi ya gundi.

"Hizi panda kwenye mistari ya ulinzi," akasema. "Zote. Na usiniulize."

Nilipanda. Sikuuliza, lakini nilitazama. Mimea ilipokua, masuke yalipotoka, yakawa mekundu, na shingo zikaanza kupinda. Mwenye Haya alikuwa amelizunguka jaribio zima la mbia. Kisha Mama Mkuu akaagiza kila suke la mistari ile livishwe mfuko wa karatasi. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipokomaa. Suke huvishwa mfuko lisipokee chavua ya jirani, ili mbegu ibaki safi. Hakuna mtu duniani anayewavisha askari mifuko. Kwa nini umtunze usiyemhesabu?

Mgeni wa mbia alipokuja kukagua, naye aliliona hilo.

"Hawa wa pembeni wamefunikwa kwa nini?" akauliza.

Mama Mkuu alinigeukia mimi. Sijui kwa nini mimi.

"Kwelea kwelea," nikasema. "Wakishiba pembeni, huingia ndani."

"Na ni aina gani?"

"Ni askari tu, mheshimiwa. Hawahesabiwi."

Mgeni akaandika kitu. Mratibu akatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

Jioni Mzee Chilongani nami tulikaa nyuma ya stoo tukanong'onezana kama wezi. Yeye alisema Mama Mkuu anaiokoa mbegu: amekosa bajeti ya kufufua, basi anaifufua kwenye shamba la mbia, kwa mbolea ya mbia. Mimi nilisema anaisafisha apate kuiuza.

"Wewe humwamini mtu," aliniambia.

"Mzee, kwa nini afunike lebo?"

"Kama anaficha, anamficha mbia."

"Au ananificha mimi."

Alifikiri, akatema mate pembeni. "Labda sote," akasema.

Wakati wa mavuno, askari walivunwa kwanza, na magunia yakapakiwa kwenye gari la Mama Mkuu. Hayakuja kwenye chungu chetu. Lakini asubuhi kabla ya uvunaji nilikuwa nimeshakata suke moja, na bua lake lote, nikalizungushia gunia. Nikaomba ruhusa ya siku chache. Getini nikakutana na gari la Mama Mkuu likiingia. Akashusha kioo.

"Unasafiri na fimbo?"

"Ndiyo, Mama."

Aliitazama ile fimbo. Ilikuwa ndefu na kichwa chake kilikuwa kimevimba ndani ya gunia. Mtafiti wa mtama wa miaka yote ile hakuweza kukosa kujua.

"Unaenda wapi?"

"Kolo."

"Wasalimie," akasema, akapandisha kioo.

Nimelirudia neno lile kichwani mara nyingi. Siku nyingine nalisikia kama baraka. Siku nyingine nalisikia kama mtu anayeacha suke moja liende kwa kuwa magunia yako salama.

Bi Hadija alilifungua gunia uani, akapitisha vidole kwenye shingo ya suke. Kisha akalitundika juu ya mafiga, moshi ulilinde na wadudu. Suke moja likitunzwa hutosha kuanzia shamba.

"Huyu ndiye," alisema. "Na wenzake?"

"Wako kituoni, bibi."

"Wanafanya nini huko?"

Nikamwambia wanahifadhiwa. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mawingu yasiyo na mvua.

Msimu uliofuata kituo kiliunganishwa na kingine, kwa maneno ya waraka, ili kuongeza tija. Sisi tusio na vyeti vya juu tukapunguzwa. Mama Mkuu alistaafu kimyakimya, na Mratibu nasikia alipandishwa cheo. Mzee Chilongani alirudi kwenye ng'ombe wake. Nami nikawa mstaafu ndani ya miaka yangu ya arobaini, mvi hazijatosha hata kupewa kiti msibani. Kwa kuwa sina utulivu, nilianza kuzunguka kule nilikofanya kazi, nikitazama mashamba ya watu kutokea barabarani. Mtu aliyepima mtama haachi. Husimama kwenye uzio wa mtu asiyemjua, akajikuta anatafuta mistari ya ulinzi.

Watu huniuliza kama sera ile ilikuwa mbaya. Sijui. Nchi ikikosa fedha lazima ichague, na waliochagua hawakuwa wajinga. Ninachowaomba vijana ni kwamba mtu akisimama mbele yenu akasema amebuni kitu, muulizeni kabla yake kilikuwa kwa nani. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Nasema hivi kwa sababu misimu kadhaa baadaye nilikuwa Mlali, nikaingia duka la pembejeo kutafuta dawa ya viwavi. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti mpya ya mtama, yenye nembo ya yule mbia. Mbegu bora, ilisema, matokeo ya ubunifu, hustahimili ndege. Picha ilikuwa ya kiganja kilichojaa punje nyekundu. Suke halikuonyeshwa.

"Hii ikoje ikiota?" nilimuuliza muuzaji.

"Ni mpya, kaka. Watu wanaisifia."

"Suke lake limesimama au limeinama?"

"Kaka, mimi nauza pakiti."

Nikaichukua, nikaipanda nyuma ya nyumba yangu Mkonze. Kila siku nilikwenda kuitazama. Masuke yalitoka yamesimama wima, nami nikajiambia nimezeesha moyo kwa kuwashuku watu. Kisha yakaanza kujaa, na shingo zikaanza kupinda.

Nilikata moja na bua lake, nikaenda nalo Kolo. Bi Hadija sasa haoni vizuri. Nilimwekea mapajani. Akalipapasa taratibu kutoka kwenye bua, akafika kwenye shingo, akaifuata ilivyopinda mpaka kwenye punje.

"Huyu wangu," akasema. "Mbona unanirudishia tena? Tulishamalizana."

"Hili silirudishi, bibi. Mbegu yake nimeinunua."

Mikono yake ikatulia.

"Nani amekuuzia mbegu yangu?"

Nikamwambia ni duka la pembejeo, kule Mlali, karibu na mnada.

"Sijakuuliza duka," akasema.