Neno Lililomshusha Kambale

Siku kaka yangu Kambale alipoitwa «coward», yaani mwoga, haijanitoka kichwani, mwanangu, hata nilivyozeeka hivi.

Tulikuwa Manguredjipa. Yeye alichimba dhahabu, mimi niliwapikia wachimbaji. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Kambale akakataa kushuka. Desturi yao ni kwamba shimo lililolowa linaachwa likauke, na miti inayoshikilia kuta inabadilishwa kwanza. Lakini mwenzake mmoja, aliyerudi kutoka Kampala na Kiingereza chake cha kujionyesha, akapayuka mbele ya watu wote: «Kambale iko coward! Mumufunge kikwembe sawa mwanamuke!» Wakacheka mpaka machozi. Kambale akashuka peke yake. Ukuta ukamfunika.

Matanga yalipokwisha, baba alimuuliza padri ni neno gani hilo lililomuua mtoto wake. Padri akamweleza polepole kwamba Waingereza walilitoa kwa Wafaransa wa zamani, na kwamba asili yake ni mkia, kama ule wa mnyama anayeufyata miguuni akiogopa.

Baba akasimama. «Mon père, imbwa yenye kukunja mukia inarudiaka ku nyumba. Mutoto wangu hakurudia!»



Na jana nakusikia wewe, hapa hapa Butembo, unamtupia binamu yako Muhindo neno lile lile mbele ya wenzako, mkicheka, eti kwa sababu anaogopa kurudi kwenye shamba lao la kakao Mutwanga! Ala! Unajua nini wewe? Yeye alimzika mama yake kule, waasi walipomuua, wewe ulikuwa umelala kitandani mwako, umeshiba. Na sasa amefunga mzigo. Kesho asubuhi pikipiki inakuja kumchukua, naye haendi kwa ajili ya kakao. Anaenda kwa ajili ya mdomo wako. Nimekasirika, mwanangu, nimekasirika kabisa!

Sikiliza. Mtu akiogopa, usimcheke. Muulize ameona nini, kisha nyamaza umsikilize. Mwili wake unajua jambo ambalo wewe hujalipitia.

Basi inuka. Usiniambie eti utaenda baadaye, nenda sasa hivi. Mwombe msamaha mbele ya wale wale mliocheka nao, na ule mzigo uufungue kwa mikono yako mwenyewe.

Mungu awape uzee, wewe na Muhindo, wote wawili.