Afande Chausiku na sufuria aliyoiacha motoni

Saa mbili kasoro asubuhi, jua la Minago, mji mdogo wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ndiyo kwanza linaanza kung'ata, na Chausiku Tahiri tayari ameinama juu ya vichanja vyake ufuoni. Anachota ndagala, dagaa wa ziwa hili, kwenye beseni kwa mkono wa kulia, anazimwaga juu ya wavu, kisha anazitandaza taratibu kwa kiganja mpaka kila moja ipate nafasi yake. Mkono wa kushoto unasaidia huku chini tu. Haupandi kupita kifua.

Wanawake wengine wakishatandaza huenda zao kunywa chai au kusukana nywele. Chausiku haendi popote. Anavuta kigoda chake, anakaa, anazikodolea macho. Kunguru akitua, anafukuzwa. Wingu likichomoza upande wa Kongo, yeye ndiye wa kwanza kuliona.

"Afande, hizo zimeshakufa, hazitatoroka," anamtania Kabibi, jirani yake wa kichanja cha pili.

Chausiku anacheka pamoja nao. Utani huo ameuzoea, na hata hilo jina la Afande halimuudhi, maana alikuwa mwanajeshi kwa miaka kumi na mitano kabla bega halijamrudisha nyumbani. Kazi ya kuanika ndagala humwachia kama faranga elfu ishirini kwa siku nzuri, na siku ya mvua humwachia harufu tu. Ana miaka arobaini na sita na watoto wawili.

"Mara moja katika maisha yangu niliacha kitu juu ya moto," anasema, macho yake yakiwa bado kwenye wavu. "Mpaka leo wananidai."

Anachodai yeye ni kitu kimoja. Anataka kumbukumbu za jeshi zisahihishwe, ziseme kwamba siku aliyojeruhiwa alikuwa vitani, yeye na mwenzake aliyekufa. Zikisema hivyo, wote wawili watastahili nishani ya waliopambana. Zikibaki zilivyo, zinasema mpishi na msaidizi wake waliacha kazi yao bila ruhusa.

Mwaka 2014 kombania yake ilikuwa Somalia kulinda amani, na Chausiku alikuwa mpishi wa kambi ndogo. Msaidizi wake alikuwa Leonsi Niyonzima, wa miaka ishirini na sita, mtu wa Gatete, karibu na Rumonge, mrefu, mcheshi, asiyeweza kukata kitunguu bila kulia. Chausiku ni Mwislamu wa Rumonge mjini. Leonsi alikuwa Mkristo aliyezaliwa ukimbizini Kigoma. Lakini ugenini, watu wa ziwa moja ni ndugu. Chausiku alikuwa amebeba bidoni la mawese, dumu zima, kutoka nyumbani, na Leonsi, kwa maneno ya Chausiku mwenyewe, alilinda bidoni lile kuliko bunduki yake.

Shambulio lilikuja kabla ya adhuhuri, maharage yakiwa motoni. Ukuta wa upande wa jikoni ukabomolewa. Wahudumu wa majeruhi walikuwa upande wa pili wa kambi na hawakuweza kuvuka kwa ajili ya risasi. Kapiteni aliyekuwa pale ukutani akaita yeyote anayeweza kubeba mtu.

Jikoni palikuwa na miti miwili mirefu. Ndiyo waliyoitumia kubebea sufuria kubwa, mmoja mbele, mwingine nyuma. Palikuwa pia na magunia ya maharage. Leonsi aliyakung'uta, akayatoboa pembe kwa kisu cha vitunguu, akapitisha miti ndani. Mrundi yeyote anajua kilichopatikana hapo: ingobyi, ile machela ya kienyeji ambayo majirani humbebea mgonjwa mabegani kutoka mlimani mpaka kwenye zahanati.

"Mimi nikageuka nyuma," Chausiku anakumbuka. "Nikamuambia, Leonsi, na maharage? Akanijibu: Wacha iungue."

Walibeba wa kwanza, wakamlaza mahali salama, wakarudi. Walibeba wa pili, wakarudi. Leonsi ndiye aliyekaa mbele kila mara, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Safari ya tatu hawakuufikia ukuta. Leonsi alipigwa risasi akafa palepale, na Chausiku akapigwa ya bega. Kapiteni aliyewaita naye hakuiona jioni ya siku hiyo.

Jioni, mtu wa stoo aliandika taarifa ya chakula kama kawaida yake. Aliandika kwamba maharage yaliungua, kombania ikalala njaa, na jiko lilipokaguliwa mpishi na msaidizi wake hawakuwepo. Hakutia chumvi hata kidogo. Hapo ndipo dosiye ya Chausiku, yaani faili lake, ilipokuwa ngumu, maana hakuna wa kumwita mwongo.

"Maharage iliungua, siwezi kataa," anasema. "Watu walilala njaa. Hata mimi ningeandika vile, kama ningekuwa yeye."

Mwandishi wa makala haya alicheka kidogo aliposikia hivyo, kisha akaona aibu. Chausiku hakuwa anatania.

Habari ilifika Gatete pamoja na jeneza, na ilifika imepinda. Mama yake Leonsi, Agata, aliambiwa kwa sauti ya chini kwamba mwanawe aliacha kazi. Njiani maneno hayo yakaota miguu: aliacha kazi yakawa alikimbia. Majirani wakasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Agata alimzika mwanawe, akaondoa matanga ya mwanzo, akakataa ya mwisho.

Hayo ya mwisho Warundi huyaita kuganduka. Ukoo hukusanyika, mzee mmoja husimama akaeleza marehemu alikuwa nani na alikufaje, halafu huuliza mbele ya watu kama kuna yeyote anayemdai. Akikosekana wa kudai, msiba unafungwa, na walio hai wanaruhusiwa kuendelea na maisha yao. Bila hivyo nyumba inabaki msibani, hata ipite miaka. Ya Agata imepita kumi na ushee. Hajacheza harusi ya mtu tangu hapo, na binti yake mdogo aliolewa bila ngoma.

"Ningesimamaje kuuliza nani anamdai mwanangu," anasema Agata, ambaye Kiswahili chake bado ni cha Kigoma, "wakati serikali yenyewe inasema inamdai siku moja ya kazi?"

Chausiku alipotoka hospitali, kabla hata hajafika kwake, alikwenda Gatete. Alimweleza Agata kwamba Leonsi alikufa akibeba majeruhi. Agata alimsikiliza, akamkaribisha chakula, akamwambia: nakuamini wewe, mwanangu, lakini mlima mzima, majirani wote, umesikia mengine, na mlima mzima ndio utakaokuja kukaa hapa uani. Tangu siku hiyo Chausiku anakwenda na kurudi Bujumbura kwenye ofisi za jeshi, biro hii mpaka biro ile.

Kila biro ilimuuliza swali lilelile. Ulikuwa mpishi? Ndiyo. Maharage yaliungua? Ndiyo. Basi mama, ulikuwa jikoni au ulikuwa umetoka jikoni, lakini vitani hukupangwa. Wapo waliomshauri kwa nia njema akane yale maharage, aseme yalikuwa yameshaiva na kuepuliwa. Miaka mingi imepita, nani atabisha? Chausiku alikataa. Leonsi aliyaacha yaungue kwa hiari yake, anasema, na hawezi kumnyang'anya hilo.

Akaanza kuwauliza wateja wake. Kila mwanajeshi wa zamani aliyekuja kununua ndagala Minago aliulizwa: siku ile ulikuwepo? Mwaka jana mmoja akamwambia kuna mtu Muhuta, Idi Khalifa, anatembea na fimbo, ana duka la sabuni na mafuta ya taa, naye alijeruhiwa siku hiyo.

Idi alimpokea vizuri, lakini alimkatisha tamaa mapema. Yeye alibebwa na wahudumu wa majeruhi, alisema. Alikuwa nusu mfu, hakuona uso wa mtu, lakini nani mwingine angembeba?

"Nikamuuliza kimoja tu," anasema Chausiku. "Walikubeba juu ya nini?"

Idi mwenyewe anasimulia kwamba alifumba macho ili akumbuke, na kilichokuja kwanza ni harufu ya mawese. Akashangaa: mawese, Somalia? Halafu akakumbuka gunia likimkwaruza shingo. Halafu akakumbuka hospitalini, muuguzi mmoja mgeni akitoa kitu ndani ya kola ya shati lake na kumwonyesha kiganjani bila kuelewa ni nini. Ilikuwa punje ya maharage, mbichi.

"Wahudumu walikuwa na machela za turubai," anasema Idi. "Maharage ilitoka wapi? Nilikuwa ndani ya ingobyi. Na mimi miaka yote nilikuwa nashukuru watu wengine."

Idi alilia pale dukani, na wateja wakasubiri.

Mwezi uliopita wawili hao walikwenda pamoja mbele ya afisa mmoja mwenye mvi. Idi alieleza yote, mpaka ile punje. Afisa alimwacha amalize, akauliza nani alikuwa mbele na nani nyuma. Wanasema alikuja kuwaambia kwamba yeye pia, akiwa mtoto na malaria kali, aliteremshwa mlimani kwa ingobyi, na mpaka leo anawajua kwa majina waliombeba.

Akawapa habari njema na ngumu kwa mkupuo. Kumbukumbu za Chausiku zitasahihishwa, na jina lake litapelekwa mbele kwa nishani. Za Leonsi haziwezi kuguswa kwa ombi la mtu baki. Mama yake lazima aje mwenyewe aombe, kwa mdomo wake, na aweke kidole.

Chausiku akaomba la kwake lisubiri mpaka la Leonsi liwe tayari. Afisa akamuuliza kwa nini, wakati ameshahangaika miaka yote hiyo.

"Ingobyi haibebwi na mtu mumoja," alimjibu.

Sasa ikabaki kumpata Agata, na Agata si mtu wa kupatikana hivihivi. Amepita miaka sabini, miguu imemvimba, nyumba yake iko juu ambako pikipiki haipandi. Zaidi ya hayo, alikwisha kuapa kwamba hatakanyaga biro iliyomwita mwanawe mtoro.

Chausiku alipanda kwake Jumapili, baada ya misa. Safari hii hakuanzia kwenye risasi. Alianzia jikoni: vitunguu, bidoni la mawese, miti ya sufuria, magunia, Leonsi akisema wacha iungue. Anakiri kwamba miaka yote alikuwa amemficha mama huyu habari za maharage, kwa kuona ni aibu kuchanganya kifo cha mtu na sufuria iliyoungua.

Chausiku alipomaliza, Agata hakuuliza juu ya nishani wala juu ya afisa.

"Alikuwa amekula?" aliuliza.

Chausiku alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo na biro yoyote. Ilibidi afikiri.

"Alionja chumvi," alimwambia. "Alichota na mwiko, akapuliza, akaonja. Akasema iko sawa. Akachota tena, nikamupiga mkono."

Agata akaanza kucheka. "Tangu mdogo, huyo. Mkono hautoki kwenye chungu," alisema, na kicheko hicho kikageuka kilio, wakalia wote wawili pale mkekani mpaka binti yake akaja mbio kutoka uani akidhani kuna msiba mwingine. Agata alipojifuta uso alisema neno moja kuhusu safari: atakwenda.

Atakwenda Jumanne ijayo. Vijana na wazee wa mlimani watamteremsha kwa ingobyi mpaka barabara ya lami, ambako gari la kwenda Bujumbura litamchukua. Idi atapandia gari hilo Muhuta. Palitokea ubishi, maana kubeba ingobyi ni kazi ya wanaume, na Agata amesema mbele lazima akae Chausiku. Wanaume wakataja desturi. Wakataja lile bega. Agata akawajibu kwamba asipokaa Chausiku mbele, basi na washushe mzigo mwingine, mama Leonsi amelala. Wakakubali.

Bega la kulia ni zima, anasema Chausiku, na siku hizi jioni anazungukazunguka uani kwake na mti begani, watoto wake wakimcheka.

Mambo yakienda sawa, kuganduka kwa Leonsi kutafanyika kiangazi, mwezi wa saba, mawese yakiwa mengi. Agata ameshaamua nani atapika maharage ya wageni, na ameweka sharti kwamba mpishi huyo, liwalo na liwe, siku hiyo asitoke jikoni. Chausiku ameahidi. Nishani zenyewe, zikija, anataka zitolewe zote mbili siku moja, moja kifuani kwake, nyingine mkononi mwa Agata.

Mchana unafika. Ndagala zimegeuzwa, zinaanza kung'aa. Chausiku anamwita Kabibi na kumwomba, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuomba, amwangalizie vichanja vyake Jumanne kutwa nzima. Kabibi anadhani ni utani. Anautazama upande wa Kongo, ambako msimu huu mawingu hayana adabu.

"Na mvua ikinyesha, Afande?"

Chausiku anainuka, anaukung'uta mchanga kwenye kanga yake.

"Wacha ilowe," anasema.