Ukikohoa, Unalea Chochote?

Kosa ni langu, sikatai. Niliyatafsiri maswali ya utafiti wetu wa kikohozi sugu nikiwa dirishani, nikiutazama ukungu wa Njombe ukielea juu ya misonobari, nusu niko ndotoni. Kwa Kiingereza, kutoa makohozi na kulea mtoto husemwa kwa maneno yale yale, "bring up". Mimi nikaandika kulea.

Kule kijijini Kifanya nikamsomea bibi mmoja aliyejifunika koti la mtumba: "Ukikohoa, unalea chochote?"

"Nalea wajukuu watatu, mwanangu."

Nikaandika kwa mwandiko mzuri: watatu.

Daktari wetu akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaniangalia, kisha akamwinamia bibi. "Makohozi je, bibi, unatoa?"

"Natoa, yana damu tangu masika. Huyu dada hajaniuliza."